Daladala za Uyole, Mwanjelwa na Mbalizi: zinamhudumia nani, na saa ngapi?

Mtu akiuliza kama usafiri wa daladala jijini Mbeya ni mzuri, inafaa naye aulizwe kwanza anasafiri saa ngapi na amebeba nini. Gari lile lile, likiwa na dereva yule yule, linaweza kumpa kijana wa chuo safari ya raha saa nne asubuhi, ilhali saa moja asubuhi hiyo hiyo lilimwacha binti wa kidato cha pili kituoni hadi kengele ya shule ikalia bila yeye. Tathmini hii inahusu njia kuu ya daladala za jiji, yaani ile inayofuata barabara ya Tanzania na Zambia kutoka Uyole, ikipita Nane Nane, Ilomba, Mama John, Soweto, Kabwe na Mwanjelwa hadi Mafiat, kisha ama kupanda kwenda Stendi Kuu na katikati ya mji, ama kuendelea Nzovwe, Iyunga na Iwambi hadi Mbalizi. Sikusudii kupima usafi wa viti wala sauti ya redio, ingawa hayo nayo yana wasemaji wake. Ninachopima ni kama gari lipo, na kama linampokea, pale mtu wa kila rika na kila kazi anapolihitaji.

Saa zina uzito mkubwa hivi kwa sababu ya jinsi jiji lilivyokaa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 541,603. Walioongezeka wamejenga zaidi pembezoni, ambako viwanja vilipatikana: Isyesye, Igawilo, Iwambi, na upande wa Mbalizi ambao kiutawala uko nje ya jiji lakini kwa maisha ya kila siku ni sehemu yake. Masoko makubwa, hospitali ya rufaa ya kanda, benki na ofisi nyingi vimebaki kati. Kwa kuwa milima imefunga upande wa kaskazini, karibu kila anayetoka pembeni hulazimika kupita barabara moja, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayopitisha malori ya Tunduma na Zambia. Upanuzi wake kuwa njia nne, kwa kilomita 29 kati ya Nsalaga na Ifisi, ni kazi iliyohitajika sana. Hata hivyo, barabara pana haiamui nani apande gari na nani abaki kituoni. Hilo huamuliwa na hesabu ya tajiri.

Daladala nyingi si mali ya madereva wanaoziendesha. Mwenye gari, ndiye tajiri, hupanga kiasi anachotaka kupelekewa jioni, na kinachobaki baada ya hesabu hiyo na mafuta ndicho riziki ya dereva na konda. Kwa hiyo kila saa ya siku ina abiria anayeleta fedha haraka na abiria anayechelewesha, na konda hujifunza kuwatofautisha kabla gari halijasimama. Simchukii kwa hilo, kwa maana watoto wake nao wanakula kutokana na safari hizo. Lakini anayetaka kuipima huduma kwa haki inambidi amtazame pia yule ambaye mlango umefungwa usoni pake.

Wa kwanza barabarani ni akina mama wa sokoni. Saa kumi na moja alfajiri, giza likiwa bado zito, Uyole imekwisha kuamka. Ndizi na parachichi za Rungwe, viazi mviringo vya Uporoto, kabichi na karoti vimeshushwa usiku, na wanunuzi wa rejareja wanagawana mizigo ili wawahi kupanga meza zao Mwanjelwa, Soweto na Sokomatola kabla wateja hawajafika. Kwa saa hii huduma inastahili sifa ya dhati, kwa sababu magari yapo. Dereva na konda wameamka usiku wa manane katika baridi ya Mbeya, ambayo mwezi Juni na Julai haina mzaha, wamelipasha moto gari na kulipeleka kituoni. Bila wao jiji hili lisingepata mboga mbichi ya mchana. Anayezisema vibaya daladala za Mbeya na hajawahi kusimama Uyole alfajiri anapaswa kwenda kuona.

Kasoro iko kwenye mzigo. Nilimtazama mama mmoja aliyejifunga kitenge juu ya sweta, mtoto mgongoni na tenga la nyanya miguuni, akiwa ameshika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja na kukataa kupanda mpaka bei isemwe. "Mama, hilo tenga linakula siti," konda alimwambia. "Mwanangu, nauli yangu hii hapa, na tenga nakupa jero. Jana nimelipa jero." "Jana si gari letu, mama. Lete buku." Waliishia mia saba, tenga likasukumwa nyuma ya kiti cha dereva, na mama akaketi akiwa ameliwekea mguu lisiteleze. Alijua anachokifanya, kwa sababu gari likishaondoka hana tena nguvu ya kupatana. Nauli ya abiria inajulikana na kila mtu. Bei ya tenga, ndoo au kiroba haijabandikwa popote. Hubadilika kwa saa, kwa konda, na kwa jinsi mama anavyoonekana ana haraka. Kwa mfanyabiashara anayezungusha mtaji wa siku moja, mia tatu au mia tano ya ziada kila alfajiri ni fedha ya chumvi, kiberiti na daftari la mtoto. Kuiandika bei ya mizigo ya kawaida mlangoni mwa gari si kazi ngumu, na ingewaondolea wote wawili ugomvi wa kila siku.

Safari za mama huyu pia hazifanani na za mtumishi wa ofisi. Mtumishi huenda mara moja na kurudi mara moja. Mama hutoka Uyole hadi sokoni, akauza hadi saa tatu, akapita kliniki na mtoto, akarudi sokoni, akapitia mashine ya kusaga, kisha nyumbani kabla wa darasa la kwanza hajarudi. Kila kipande cha safari hiyo ni nauli kamili, hata kama ni vituo viwili tu. Watafiti wa usafiri katika nchi nyingi wameliona jambo hili hili: wanawake hufanya safari fupi nyingi zilizounganishwa, nyingi zikiwa nje ya saa za msongamano, wakati wanaume zaidi huenda sehemu moja na kurudi. Nauli inayohesabiwa kwa kila kupanda humtoza zaidi yule mwenye majukumu mengi, na hilo halionekani mahali popote kwa sababu kila nauli moja moja ni ya haki.

Saa moja asubuhi ndiyo saa ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyonisukuma kuandika. Tangu mwaka 2016 elimu ya serikali hadi kidato cha nne hutolewa bila ada, na shule za sekondari za kutwa zimejaza kata zote. Ni jambo jema lisilo na mjadala. Lakini mtoto wa kutwa anahitaji kufika, na wengi hupangiwa au huhamia shule ambayo miguu haiwezi kuifikia kwa wakati. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200. Nauli elekezi za Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, zilizoanza kutumika Desemba 2023 ziliweka shilingi 600 kwa mtu mzima katika kilomita 10 za kwanza, kwa hiyo siti iliyokaliwa na mwanafunzi humwingizia konda theluthi moja ya ile ambayo siti hiyo hiyo ingemwingizia ikikaliwa na karani. Saa nne asubuhi hesabu hiyo haimdhuru mtu, kwa kuwa siti ziko wazi. Saa moja, ambapo nyuma ya kila mwanafunzi wapo watu wazima wawili wenye mia sita mkononi, ndipo inaposikika ile sauti ya mlangoni: "Denti wawili tu!"

Wanafunzi wamejifunza mbinu zao. Pale Mama John utawaona wasichana watatu wa sweta za kijani wakisimama mbalimbali ili wasionekane kundi, mmoja karibu na mama mtu mzima ambaye hawamfahamu. "Shikamoo, mama. Tunaomba utuombee kwa konda, tumechelewa." Mama akiwa na moyo huwasemea, na mara nyingi konda husikia, kwa sababu ni vigumu kumkatalia mtu mzima mbele ya gari zima. Wakikubaliwa husimama mlangoni, mabegi yamebanwa kifuani, na abiria mtu mzima anapopanda kituo kinachofuata huombwa wasogee tena. Yule asiyepata wa kumsemea hubaki. Watoto wanajifunza adabu nyingi katika vituo vyetu, lakini wanajifunza pia kwamba wao ni abiria wa daraja la mwisho, na wanajifunza hilo kila siku ya shule.

Kuna jambo la jua ambalo linaizidishia Mbeya ugumu huu. Mji wetu uko magharibi ya Dar es Salaam kwa takribani nyuzi sita za longitudo, lakini saa za ukutani ni zile zile. Mwezi Juni na Julai jua la Mbeya huchomoza karibu na saa moja kamili asubuhi, kama dakika 25 baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Mtoto anayetakiwa kuwa mstarini saa moja na nusu, na ambaye amekwisha jua kwamba gari la kwanza na la pili hayatamchukua, hutoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Saa hiyo ni giza tupu, baridi inauma vidole, na kituo kina taa moja au hakina kabisa. Ndipo hujitokeza bodaboda wa kumpa "lifti" bila kudai fedha, na kila mzazi wa binti katika nchi hii anajua hatari ya lifti hizo. Kwa hiyo gari lililompita mwanafunzi halikumchelewesha shule tu; lilimwacha mahali ambapo hakuna mzazi ambaye angekubali mwanawe aachwe.

Wapo madereva wanaobeba wanafunzi wote wanaowakuta, hata wakijaza viti vya nyuma kwa mia mbili mbili, na ni haki kusema kwamba si wachache. Lakini huduma ya umma haipaswi kutegemea moyo wa dereva uliyempata siku hiyo. Naamini kila gari lenye leseni ya njia hii lingeweza kupangiwa idadi ya wanafunzi katika safari zake za kabla ya saa moja na nusu, idadi inayokaguliwa kituoni na watu wanaojulikana, ili mzigo wa nauli ndogo ugawanywe kwa magari yote badala ya kumwangukia yule mwenye huruma. Kama magari yote yanabeba sita, hakuna dereva anayeshindwa hesabu kwa sababu ya wema wake.

Kuhusu watumishi wa ofisi, mafundi na wauzaji wa maduka, maelezo hayahitaji kuwa marefu. Kati ya saa moja na saa mbili na nusu wanabanana, wanachelewa kidogo pale Kabwe na Mafiat, lakini wanafika. Wana nauli kamili, hawana mizigo, wana nguvu za kugombea mlango, na mfumo mzima umejipanga kuwafuata wao. Kwa kundi hili huduma ni nzuri kuliko lawama zinazosikika, na ndilo kundi linalosikika zaidi.

Baada ya saa tatu njia hubadilika kabisa. Konda aliyekuwa akipiga kelele sasa anashuka na kumshika mkono bibi wa Igawilo, anampandisha ngazi ya Hiace ambayo kwa goti la mzee ni ndefu mno, anampangia siti ya mbele. Nilimsikia bibi mmoja akimwitikia, "Ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa, na konda akaona haya kidogo, akafunga mlango taratibu. Ni konda yule yule wa saa moja, na ukimtazama hivi unaelewa kwamba hakuzaliwa na ukali. Saa ya msongamano pamoja na hesabu ya jioni ndivyo vinavyomtoa utu wake kwa muda, na vikilegea naye hurudi kuwa mtoto wa watu. Jambo hili lanifanya niamini kwamba semina za lugha nzuri kwa makondakta, hata zikifanyika kila mwezi, zitasaidia kidogo tu mpaka mpangilio wa asubuhi ubadilike.

Tatizo ni kwamba wazee wengi hawasafiri katika saa hii njema. Mwenye presha au sukari hupenda kuwahi kliniki ili awe wa mwanzo kwenye foleni, kwa hiyo huingia barabarani saa kumi na mbili na nusu, akikutana uso kwa uso na wanafunzi na watumishi. Katika England mambo yamepangwa kwa njia ambayo inafaa kutazamwa. Mzee mwenye pasi yake husafiri bure katika mabasi ya kawaida popote England tangu mwaka 2008, lakini siku za kazi nafuu hiyo kwa kawaida huanza saa tatu na nusu asubuhi, wakati wafanyakazi na wanafunzi wamekwisha kufika. Huko pia kuna utafiti wa safari ulioanza miaka ya 1960, ambamo watu wa kaya zilizochaguliwa huandika katika daftari kila safari waliyofanya kwa siku saba: walitoka saa ngapi, walikwenda wapi, kwa shughuli gani na kwa chombo gani. Ukishakuwa na madaftari ya namna hiyo unaweza kuona kwamba safari za shule hupanda mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, kwamba za kazi hupanda asubuhi na jioni, na kwamba wastaafu hujaza saa za katikati. Hapa kwetu mzee wa miaka 60 asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bure katika vituo vya serikali, lakini hana nauli yake maalumu. Katika gari yeye ni mtu mzima wa mia sita, na saa anayoitwa kliniki na saa ambayo gari lina nafasi hazijawahi kupangwa pamoja.

Mchana una tatizo lake, na hili huwapata zaidi wanawake. Kuanzia saa tano gari haliondoki stendi mpaka lijae. Dereva amezima injini, mpiga debe anaita, abiria wawili wa kupandikiza wameketi mbele ili gari lionekane limekaribia kujaa, na aliyelipa nauli hawezi tena kushuka. Kwa mwanachuo anayekwenda Iyunga kwenye kipindi cha saa nane, kungoja si adhabu kubwa; ana simu, ana wenzake. Wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao Mbeya inao wengi, ndio abiria walioridhika kuliko wote niliowasikia, kwa sababu siku yao imeegemea kwenye saa ambazo siti zinapatikana. Lakini mama aliyebeba hotpoti ya ugali na chupa ya uji kumpelekea mgonjwa hana muda huo. Mlango wa wodi hufunguliwa kwa saa maalumu, na gari lililongoja dakika nyingi pale kituoni limemlia muda wa kuketi na mgonjwa wake. Akishuka hukimbia, chupa mkononi. Magari ya mchana yanayoondoka kwa saa, hata kama ni machache na hata kama yana viti vitupu, yangemfaa kuliko magari mengi yanayongoja.

Jioni, kati ya saa kumi na moja na saa moja na nusu, mkondo hugeuka. Kila mtu anatoka kati kwenda pembeni, na gari linalofika Uyole au Mbalizi likiwa limejaa litarudi karibu tupu. Dereva anayepiga hesabu huona ni afadhali akatishe ruti: anapakia watu wa Uyole pale Kabwe, anawashusha Ilomba au Nane Nane, anageuza kuwahi kundi lingine. Anayeshushwa njiani hulipa nauli mara mbili. Mwenye afya huteremka akanung'unika, akatembea. Mama mwenye mtoto amelala mgongoni, au mwenye tenga tupu na faida ya siku ndani ya pindo la kitenge, anaachwa gizani na fedha zake. Kukatisha ruti ni kosa linalojulikana na kanuni zipo. Kinachokosekana ni jicho saa moja usiku katika vituo vya mwisho, kwa kuwa ukaguzi mwingi ninaouona barabarani hufanyika mchana, wakati magari hayana sababu ya kukatisha.

Na usiku? Baada ya saa tatu njia hii karibu inafungwa, isipokuwa magari machache yanayosaka abiria wa Mwanjelwa. Jiji lenyewe halilali. Muuguzi wa zamu ya jioni anatoka, mlinzi anaingia, mama ntilie wa stendi anafunga masufuria, mhudumu wa nyumba ya wageni anaanza kazi. Tena tangu tarehe 1 Oktoba 2023, mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, abiria wa Dar es Salaam, Iringa na Tunduma hushuka Mbeya saa yoyote. Bajaji na bodaboda ndizo zinazowapokea, na vijana wake wamelisaidia jiji hili sana. Lakini bei yao ni ya mapatano, na anayepatana saa tano usiku akiwa peke yake, hasa akiwa mwanamke na mgeni, hapatani kwa nguvu sawa. Kwa saa hizi siwezi kuipa huduma ya daladala alama yoyote, kwa kuwa haipo. Magari machache ya zamu, yanayopita Uyole hadi Mbalizi kila baada ya muda unaojulikana, yangetosha kwa kuanzia, na ningekubali nauli yake iwe juu kidogo kuliko ya mchana.

Juma nalo lina mwendo wake. Jumatatu asubuhi ni nzito kuliko siku zote, kwa sababu waliokwenda nyumbani Tukuyu, Kyela au Chunya mwisho wa wiki wanarudi wakipishana na wanaokwenda kazini. Ijumaa mchana wanaume wengi huelekea misikitini na kurudi ndani ya muda mfupi, na jioni yake stendi hufurika wanaosafiri nje ya mji. Siku nyingine za katikati zinafanana, na anayeweza kuchagua siku ya kwenda benki au kwenye ofisi ya ardhi achague Jumanne, Jumatano au Alhamisi, saa nne hadi saa sita.

Jumamosi hupotosha wageni wengi. Ofisi zimefungwa, mtu hutarajia siti za kutosha, kumbe magari yenyewe yamepungua njiani. Coaster na Hiace nyingi zimekodiwa: hii imefungwa maua na inapeleka ndugu wa bwana harusi ukumbini, ile ina matawi kwenye vioo na imebeba waombolezaji kwenda kuzika Rungwe au Kyela, ambako msiba hauzikwi na watu wachache. Tajiri hupata hesabu ya siku mbili kwa safari moja, na siwezi kumlaumu mwenye gari kwa kuwasaidia watu katika harusi na vilio vyao. Mimi mwenyewe nimepanda magari hayo nikashukuru. Lakini Jumamosi ndiyo siku ya familia kwenda Mwanjelwa kununua mahitaji ya juma, na ndiyo siku wasichana wa kazi za ndani na vijana wa mafunzo ya ufundi hupata ruhusa. Hao hungoja muda mrefu bila kujua kwamba gari lao liko msibani. Leseni ya njia ingefaa kueleza ni magari mangapi yanaweza kuondoka njiani kwa siku moja, kisha mengine yakodiwe kwa raha.

Jumapili alfajiri ni kinyume cha siku ya kazi, na ndiyo saa ninayoona imesahaulika kuliko zote baada ya usiku. Madereva wanapumzika au wamepeleka magari gereji, na hilo ni haki yao. Wakati huo huo, waumini wa ibada ya kwanza wako vituoni kabla ya saa moja, na ukiwatazama utaona ni akina nani: bibi na wajukuu zake, mama na watoto wanne wamevaa viatu vya Jumapili, wanakwaya wenye sare. Ni watu wale wale ambao siku za kazi husukumwa pembeni na wenye nguvu za kugombea mlango, na siku pekee ambayo hawana wa kugombea naye, gari halipo. Familia ya watu sita haiwezi kuchukua bodaboda. Wengi huenda kwa miguu, na wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, hufika na viatu mkononi. Kufikia saa nne magari yanajaa barabarani tena, hapo ibada ya kwanza imekwisha na ya pili imeanza.

Kwa hiyo anayehamia Mbeya na kuniuliza kama anaweza kuishi Uyole au Mbalizi na kutegemea daladala, nitamjibu kwa kumuuliza kazi yake na watoto wake. Kama ni mtumishi wa saa mbili, aende bila wasiwasi. Kama ni mwanachuo, atafurahi. Kama ana biashara ya sokoni, magari atayapata, ila apatane bei ya mzigo kabla hajainua mguu. Kama ana binti wa sekondari, atafute nyumba ambayo shule iko umbali wa kutembea kwa miguu, hata kama kodi imezidi kidogo. Na kama kazi yake ni ya zamu za usiku, aulize kwanza kama mwajiri ana gari la kuwarudisha wafanyakazi nyumbani, kabla hajalipa kodi ya miezi sita.